Maua ya Mgunga na Rangi za Watoto wa Shule

Mvua zinapokaribia katika nchi ya Garissa, Wajir na Mandera, migunga iliyoonekana kama imekufa kwa jua huanza kuchanua. Huo ndio wakati ufaao watoto wa shule wachore miti yenye maua. Picha za vitabuni mara nyingi ni za miti ya nchi za baridi, kama ile ya Ujapani, ambayo mtoto wa Garissa hajapata kuiona.

Mtaala wa Umilisi, ulioanza katika madarasa ya chini kote Kenya mwaka wa 2019, wataka mtoto atumie vitu vya mahali pake. Mgunga ambao Wasomali huuita cadaad hutoa gundi, na gundi hiyo ndiyo ishikayo rangi za maji ziuzwazo madukani, hata huko London. Basi mzazi anunuapo kisanduku cha rangi, huenda analipia utomvu wa mti ulio nyuma ya boma lake.

Gundi hukusanywa wakati wa ukavu. Watoto waokote ile iliyokwisha kutoka yenyewe, wala wasikate gome kwa panga, maana mti uliojeruhiwa ovyo huweza kufa, na ziko jamaa zinazopata fedha kwa gundi hiyo. Sehemu moja ya gundi hulowekwa katika sehemu mbili za maji usiku kucha, kisha huchujwa kwa kitambaa. Ndipo hutiwa udongo mwekundu uliochekechwa, au mkaa uliosagwa. Tone la asali huzuia rangi isipasuke ikaukapo.

Iko shida moja: maua ya mgunga ni meupe, na juu ya karatasi nyeupe hayaonekani. Dawa yake ni kuchora juu ya boksi la kahawia lililokunjuliwa, kwa chaki iliyosagwa. Rangi hiyo huwa hafifu ikiwa mbichi, lakini hung'aa ikikauka.

Kabla ya kuchora, darasa liende kuutazama mti. Ua la cadaad ni refu kama suke. La qurac ni duara kama kifungo cha sufu. Matawi yasivunjwe, kwa kuwa maua ya qurac hugeuka maganda, na maganda hayo ndiyo chakula cha mbuzi nyasi zinapokwisha. Watoto waliouona ukame wa 2020 hadi 2023, ulioua mifugo mingi mno, hawahitaji kuelezwa jambo hilo. Nyuki wakiwa wengi, wachoraji wakae mbali kidogo.