Tairi la Akiba Likae Wapi? Fizikia ya Pikapu katika Miteremko ya Kilimanjaro

Siku za soko, pikapu huteremka kutoka Marangu, Mwika, Kibosho na Uru zikiwa zimesheheni mikungu ya ndizi, na jioni hupanda tena zikiwa na saruji, mabati na mbolea. Mji wa Moshi uko chini ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari. Lango la Marangu, paingiliwapo Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro, liko juu ya mita 1,800. Gari lisafirilo kati ya sehemu hizo mbili hupanda zaidi ya mita 800 katika mwendo wa kilometa zipatazo 40, na sehemu kubwa ya mpando huo huanza baada ya kuiacha barabara kuu pale Himo. Nje ya lami, njia za vijijini ni za udongo mwekundu wa volkano. Wakati wa masika udongo huo huteleza kama sabuni, na wakati wa kiangazi hufichua mawe yenye makali. Dereva wa huko huitarajia pancha kama mkulima aitarajiavyo palizi.

Basi tairi la akiba lifungwe wapi? Land Rover za zamani zililibeba juu ya boneti au nyuma ya kiti. Pikapu za Hilux na Land Cruiser hulining'iniza chini ya bodi, nyuma ya ekseli ya nyuma. Wako wenye magari wanaolisimamisha ndani ya bodi, likiegemea kebini, na wako wanaolipandisha juu ya paa. Katika mabishano ya mafundi, hoja isikikayo zaidi ni ile ya mizani: kwamba tairi likikaa nyuma, gari hunyanyua pua mlimani na usukani huwa mwepesi. Hoja hiyo yaweza kupimwa kwa kanuni ya wenzo, ambayo kila mwanafunzi wa sekondari huifahamu.

Ichukuliwe kwamba umbali kati ya ekseli mbili ni mita 3, na kwamba tairi pamoja na ringi yake lina kilo 40. Likining'inizwa mita 1 nyuma ya ekseli ya nyuma, ekseli hiyo huwa egemeo, na gari zima huwa wenzo. Mara 40 kwa 1, gawanya kwa 3: magurudumu ya mbele hupunguziwa kilo 13, na ya nyuma huongezewa 53. Tairi hilo likihamishiwa nyuma ya kebini, mita 1.2 mbele ya ekseli ya nyuma, magurudumu ya mbele huongezewa kilo 16 na ya nyuma 24. Kwa hiyo tofauti kwa magurudumu ya mbele ni kilo 29.

Je, kilo 29 ni nyingi? Gari la kilo 2,000, ambalo kitovu chake cha uzito kiko sentimeta 80 juu ya barabara, likipanda mlima unaoinuka mita 1 kwa kila mita 7 za barabara, mlima wenyewe huhamisha kilo 76 kutoka magurudumu ya mbele kwenda ya nyuma. Mifuko minne ya saruji, kila mmoja wa kilo 50, ikipangwa ukingoni mwa bodi, mita 1.2 nyuma ya ekseli, huyapunguzia magurudumu ya mbele kilo 80 nyingine. Usukani ukiwa mwepesi mno, wa kulaumiwa kwanza ni mpakiaji. Tairi la akiba ni mshiriki mdogo.

Wale wanaolikataa paa kwa hofu ya kupinduka nao watashangaa. Kilo 40 zikiinuliwa mita 1 zaidi katika gari la kilo 2,000, kitovu cha uzito hupanda sentimeta 2 tu. Hatari ya paa ni nyingine. Gari liendalo kilometa 60 kwa saa likigonga kitu na kusimama ghafla, tairi lisilofungwa sawasawa huendelea na mwendo wake, kama ilivyo katika kanuni ya kwanza ya Newton, likiwa na nishati sawa na ya tairi lililoangushwa kutoka kimo cha mita 14. Aliye mbele yake hana pa kukimbilia.

Juu ya boneti tairi huonekana, hufikika, na huzidisha uzito wa mbele. Lakini huziba macho. Jicho la dereva likiwa mita 1.7 juu ya ardhi, na ukingo wa boneti ukiwa mita 1.5 mbele ya jicho na mita 1.1 juu ya ardhi, mstari wa macho huigusa barabara mita 4.25 mbele. Kizuizi kikiongezeka kimo kwa sentimeta 20, mstari huo huigusa mita 6.4 mbele, pembetatu zinazofanana zatosha kuthibitisha hivyo. Zaidi ya mita 2 za barabara zimepotea, na gari lifikapo ukingo wa kilima, pua ikiwa juu, hupotea nyingi zaidi. Nazo barabara za mlimani asubuhi hujaa watoto waendao shule.

Chini ya bodi ndipo mahali palipochaguliwa na viwanda vingi, kwa sababu hapali nafasi ya mzigo. Katika lami na mizigo ya wastani hapana ubaya. Lakini gari lililosheheni likipata pancha ya nyuma, bodi hushuka, na tairi lenye unene wa sentimeta 20 hukosa upenyo wa kutokea. Dereva hulazimika kulala matopeni chini ya mzigo, juu ya mteremko, jeki ikiwa imesimama kwenye udongo laini. Wengine hupakua gari zima kwanza. Isitoshe, tairi hilo husahauliwa: upepo haupimwi, na mnyororo wa winchi hushika kutu ndani ya tope. Mnyororo ukikatika mteremkoni, tairi laweza kubiringika, na kwa kushuka wima mita 10 tu hufikia zaidi ya kilometa 30 kwa saa.

Kwa njia za mlimani, basi, nyuma ya kebini ndipo panapofaa zaidi. Tairi lisimame wima, likazwe kwa boliti zipitazo katika bamba la chuma hadi kwenye chasisi; bati la bodi peke yake litapasuka. Kufuli moja litawaepusha wezi. Gharama yake ni sentimeta 25 hivi za urefu wa bodi, yaani mkungu mmoja au miwili kila safari, na mfanyabiashara asiyetaka kuitoa hafai kuitwa mjinga: anauhesabu mkungu wa kila siku dhidi ya pancha ya mwezi ujao. Huyo walau aikague winchi na kupima upepo kila wiki, na apakie saruji mbele.

Walimu waweza kulionyesha jambo hili darasani kwa ubao wa mita 1.5, mizani miwili ya jikoni na jiwe la kilo 1. Mizani ikiwekwa umbali wa mita 1, na ubao ukibaki na sentimeta 50 upande mmoja, jiwe lisogezwe sentimeta kumi kumi hadi livuke mizani ya nyuma. Uzito wa ubao wenyewe uandikwe kwanza, kabla ya jiwe kuwekwa.