Bili ya Mbwa Aliyeokotwa Ilipwe Kabla Hajagongwa

Mbwa koko akigongwa na bodaboda kwenye Barabara ya Ggaba, pale Kansanga, aliyemwokota hukutana kwanza na swali la fedha: nani atalipa? Daktari wa wanyama ana pango la kulipia, dawa za kununua na msaidizi anayesubiri mshahara, kwa hiyo ana haki ya kudai malipo ya awali. Mbwa mwenye mwenyewe ana mtu wa kudaiwa, koko hana. Ndipo picha ya mguu uliovunjika inapoanza kuzunguka WhatsApp na shilingi kuingia kwa simu moja moja. Sidhani kasoro ya mtindo huu ni uchoyo wa watu. Kasoro ni kwamba hata fedha zikitimia, huwa zimechelewa, na mara nyingi zimelenga pasipofaa.

Tazama ajali yenyewe. Mfupa uliovunjika, hasa kama haukutoboa ngozi, unaweza kufungwa gango na kusubiri siku moja au mbili. Kisichosubiri ni damu inayovujia tumboni, mapafu yaliyoumia, kibofu kilichopasuka. Saa ya kwanza inahitaji dripu, oksijeni na dawa ya maumivu, vitu visivyopendeza pichani, ilhali wachangiaji huguswa na mguu. Ugonjwa wa virusi wa parvo nao hudai fedha kwa mwendo mwingine kabisa. Mtoto wa mbwa hutapika, huharisha damu na hatimaye huuawa na ukosefu wa maji mwilini. Akilazwa na kuwekewa dripu kwa siku kadhaa, uwezekano wa kupona hupita asilimia 80. Asipotibiwa, wengi hufa. Gharama hiyo huongezeka kila siku, lakini huruma ya watu huwa kali siku ya kwanza tu, picha ikiwa bado mpya.

Uganda haihitaji kwenda mbali kutafuta dawa ya ugonjwa huu wa kuchelewa. Vyama vya munno mukabi vimezika watu na kuwasaidia wagonjwa wa Buganda kwa michango inayotolewa kabla ya msiba. Kule Kisiizi, wilayani Rukungiri, hospitali ilianzisha bima ya afya mwaka 1996 kwa kutegemea vyama vya engozi, ambavyo wanakijiji waliviunda ili kubebana kwa machela hadi hospitalini. Watu hujiunga kama kundi, kwa sababu mfuko unaoingiwa na wagonjwa peke yao hufilisika. Mbwa wa mtaani wanahitaji mfuko wa aina hiyo hiyo: wenye nyumba, mabweni ya wanafunzi yanayozunguka Chuo Kikuu cha Kimataifa cha Kampala, na wachoma nyama pia (ambao mifupa yao ndiyo inayowaweka mbwa hao hapo). Wachange kidogo kila mwezi, waweke amana kwa daktari mmoja, na wakubaliane naye bei na kikomo cha matumizi kwa kila mnyama.

Wako watakaosema kazi hiyo ni ya mashirika. Shirika la kutetea wanyama la USPCA limekuwapo tangu 1996 na lina makao ya wanyama hapo Kampala, lakini nalo huishi kwa michango. Haliwezi kuwa ambulansi ya kila kata. Nayo bima ya kilimo ambayo serikali huchangia tangu 2016 imewalenga wakulima wa mazao na mifugo, si mbwa koko.

Pingamizi zito ni la binadamu. Ada katika vituo vya afya vya serikali zilifutwa mwaka 2001, lakini hadi leo mgonjwa hutumwa kununua dawa nje; itakuwaje tutibu mbwa? Ningenyamaza kama mbwa koko asingegusa afya ya watu. Kichaa cha mbwa huua watu wapatao 59,000 kwa mwaka duniani, karibu wote kwa kuumwa na mbwa, na kinga yake ni kuchanja angalau mbwa 70 katika kila 100. Mbwa anayetibiwa na mfuko atoke kliniki akiwa amechanjwa na kuhasiwa. Chambo cha sumu, ambacho mamlaka za jiji zimewahi kukitumia, huua waliochanjwa pamoja na wasiochanjwa, na nafasi yao hujazwa na wageni. Wanaotaja unajisi nao wakumbuke hadithi mashuhuri ya Mtume kuhusu mtu aliyesamehewa dhambi kwa kumnywesha mbwa mwenye kiu: mate ya mbwa yana hukumu yake, huruma ina yake.

Hoja inayonibana kweli ni nyingine: fedha za kuunga mguu mmoja zingechanja mbwa wengi. Ni kweli. Ndiyo maana nasisitiza kikomo, na hapa naachana na wapenzi wengi wa mbwa. Mnyama aliyevunjika uti wa mgongo, asiyeweza tena kusimama wala kukojoa, alazwe usingizi wa kudumu kwa sindano, bila maumivu, na mfuko ulipie sindano hiyo kama unavyolipia dripu. Kumweka hai wiki tatu kwa kuwa picha yake imechangisha vizuri ni ukatili.

Kwa hiyo, mkazi wa Kansanga, muulize daktari wa wanyama aliye karibu nawe dripu ya siku moja, eksirei na sindano ya usingizi wa kudumu ni shilingi ngapi, kisha waite majirani mkae na hesabu hiyo. Na mbwa usiyemjua akikuuma unapomwokoa, osha jeraha kwa maji na sabuni kwa dakika 15, uende hospitali siku hiyo hiyo.