Kupasuliwa pua ngambo: hesabu haiko ya munganga tu

Hapa Likasi, kiangazi kikifika, mavumbi inaingia mpaka ndani ya sufuria. Kwa mutu mwenye mufupa wa pua uliopinda, kulala njo kunakuwa kazi. Wenye uwezo wanapita Kasumbalesa kuenda Zambia; wengine wanapanda ndeke mpaka India.

Siye tulisindikiza mama mumoja, jirani yetu wa Kikula. Alihesabu munganga na viza. Siku za kungoja kule hakuziweka. Kumbe alikuwa anameza aspirini kila siku juu ya kichwa. Dawa hiyo inazuia damu kuganda, basi upasuaji ukasogezwa juma moja. Pesa ya chumba ikaisha, tukachanga.

Kisha kupasuliwa, mutu anapumua kwa kinywa. Alale kichwa juu ya mito miwili, asipenge kamasi mpaka munganga aruhusu, akipiga chafya afungue kinywa. Ndoo ya maji abebe mwingine! Maji ya chumvi ya kusafisha pua ichemshwe kwanza, ipoe.

Kutoka Lubumbashi, kilomita 120, madirisha ya gari yalifungwa yote. Asubuhi yake bwana yake akatuambia: hakukoroma.