Chetezo na Kopo Havikai Pamoja

Sisi watu wa pwani kwa harufu nzuri hatujambo. Mgeni akipiga hodi nyumba ya Mji wa Kale, Mombasa, hata kahawa hajaletewa pua yake imekwisha karibishwa. Nyumba niliyokulia, kila Alhamisi baada ya laasiri mama alitia makaa katika chetezo, akaweka udi uliopikwa kwa sukari, akaupitisha chumba kwa chumba, na kanzu za kuendea Ijumaa zikafukizwa. Siku za Maulidi mrashi ulizunguka, kila mtu akanyunyiziwa marashi ya mawaridi viganjani. Wanawake walikuwa na asumini zao na vikuba vyao. Hayo yangaliko, alhamdulillahi.

Lakini kuna mgeni mwengine aliyeingia majumbani, naye ni kopo la manukato ya kupuliza, hili watu waliitalo sprei. Ndilo lililonishikisha kalamu leo, na kisa chake nitakieleza bila ya kujificha, kwani mkosa ni mimi.

Alhamisi moja nilipita Marikiti nikaona kopo lenye picha ya mawaridi, nikalinunua nipate kumfurahisha bibi yangu. Nilipofika nyumbani nikalibandika juu ya friji, kando ya jiko la gesi, nikenda zangu. Karibu na magharibi chetezo kilikuwa chini sakafuni, mbele ya dirisha la sebule, makaa yake mekundu. Mke wa mwanangu, masikini, akaona pazia limeshika harufu ya samaki wa kukaanga, akalichukua kopo la baba mkwe akalipuliza pazia toka juu hata chini.

Mimi nilikuwa natawadha. Nilisikia mvumo mmoja kama upepo uliotiwa katika tanga, kisha ukelele. Nilipotokeza, moto ulikuwa umepanda pazia hadi nusu, na mjukuu wangu wa miaka sita amesimama hatua mbili tu kutoka hapo, ameduwaa. Bibi yangu, Mungu amweke, alilivuta pazia likaanguka, akalifunika kwa mkeka na kuumwagia ndoo ya maji. Mke wa mwanangu aliungua vidole viwili. Jirani mmoja akaja mbio na dawa ya meno, mwengine na yai. Kwa bahati alikuwapo kijana mwenye kazi ya uuguzi, akawarudisha wote wawili, akauweka mkono chini ya mfereji maji yakapita dakika 20 kwa saa. Nami nilikuwa mmoja wa wale waliokuwa wakiulizia yai.

Tukadhani yamekwisha. Usiku mjukuu wangu, ambaye ana pumu, kifua kikaanza kupiga filimbi. Tulikesha naye amekaa kitako, dawa yake ya kuvuta mkononi, mpaka adhana ya alfajiri. Ndipo bibi yangu aliponitazama akasema: “Wewe bwana huisoma hata karatasi iliyofungiwa njugu. Kopo lako je, ulilisoma?”

Sikulisoma. Nikavaa miwani nikalisoma hapo hapo.

Kinachosukuma manukato yatoke koponi ni gesi iliyoshindiliwa, na katika makopo mengi ya leo gesi hiyo ni butani na propani, zile zile zilizomo katika mtungi wa kupikia. Mara nyingi pana na spiriti ndani yake, nayo pia hushika moto. Watu wa rika langu tunakumbuka makopo ya utotoni, ambayo mengi yao gesi yake ilikuwa ya aina isiyowaka. Mwaka 1974 wataalamu wawili, Mario Molina na Sherwood Rowland, walieleza kwamba gesi ile huharibu tabaka la ozoni linalotukinga na miale mikali ya jua, na baada ya mkataba wa Montreal wa 1987 mataifa yakaiacha. Badala yake zikashika nafasi hizi ziwakazo. Kopo ni lile lile kwa sura, na tabia imebadilika.

Jambo jengine, na hili ndilo lililotuponza: gesi hizo ni nzito kuliko hewa. Butani uzito wake ni kiasi cha mara mbili ya hewa. Ukiipuliza juu, yashuka chini. Na chetezo chetu hukaa wapi? Chini! Kwa hivyo anayefukiza na afukize, amalize, makaa yazimwe kwa maji, ndipo mwengine apulize akitaka, madirisha yakiwa wazi. Hivyo hivyo kwa mshumaa, dawa ya mbu ya kuwasha na jiko. Mtume wetu (S.A.W.) alipenda manukato, hilo twalijua sote tangu chuoni. Lakini chuoni tulifunzwa pia habari ya panya avutaye utambi wa taa akawachoma wenye nyumba, na katazo la kulala na moto unawaka.

Kopo lenyewe limeandikwa lisipate joto la kupita digrii 50. Gari lililofungwa vioo juani Mombasa laweza kupita hapo, na kando ya jiko ndiyo usiseme. Nalo lisitobolewe wala kuchomwa, hata likiwa tupu, kwani utupu wake si utupu. Gesi kidogo hubaki. Mwenye mtindo wa kuchoma taka uani aliondoe kwanza. Kwetu pwani pana na kutu ya chumvi pia: kopo likikaa msalani penye maji, bati huliwa. Mahali pake ni kabati kavu, lenye kivuli, juu ya kimo cha mtoto. Likimpata mtoto machoni, huoshwa kwa maji mengi dakika 15, kisha daktari.

Ama kuhusu pumu, daktari alinieleza neno ambalo halikunipendeza. Alisema manukato ya kupuliza huwasha njia za pumzi, lakini moshi wa udi nao hauna hukumu tofauti. Nilitaka kumbishia. Nikakumbuka kile kifua usiku ule, nikanyamaza. Sasa siku ya udi mtoto hupelekwa kwa nyanya yake mwengine mpaka nyumba ipigwe upepo, na chumba anacholala hakiingii chetezo wala kopo. Bibi yangu amerudia asumini, huziweka katika kisahani cha maji dirishani.

Vidole vya mke wa mwanangu vimepona. Pazia halijanunuliwa jipya. Bibi yangu amelikata nusu iliyoungua, akalishona pindo, na kila mgeni akiuliza mbona fupi, huelekezwa kwangu.