Uzi: Wadi mpya ina utepe, lakini nani anamtafuta kijana aliyekosa kliniki?

1.
Kila msimu wa siasa mjadala wa afya ni ule ule. Upande mmja unasema "tumejenga", upande wa pili unasema "hakuna dawa". Leo tuzungumzie kitu ambacho pande zote mbili hukiruka: kijana anayeishi na ugonjwa usioisha. Kisukari aina ya kwanza, selimundu, kifafa, pumu, virusi vya Ukimwi. Na mtu ambaye kazi yake hospitalini ni kuhakikisha kijana huyo hapotei. Kama kawaida ya uzi huu, sitaji chama wala mwanasiasa. Tueleweshane tu.

2.
Mimi ni wa Katelembo, hapa Machakos. Binamu yangu alipatikana na kisukari aina ya kwanza akiwa na miaka 11. Hiki si kile cha wazee. Hapa kongosho haitengenezi insulini, kwa hivyo lazima ajidunge kila siku, maisha yake yote. Kwa shangazi hakuna friji. Insulini ilikaa ndani ya mtungi wa udongo, kivulini, juu ya mchanga wenye maji. Shangazi alikuwa anaulinda huo mtungi kuliko pesa. Miaka ikapita, mtoto akakua vizuri.

3.
Akafika miaka 18, yuko kidato cha nne. Hospitali aliyokuwa akienda (jina liache) ikamhamisha kliniki ya watu wazima. Kuhamishwa kwenyewe kulikuwa kuandikiwa tarehe kwenye kadi, basi. Siku hiyo akakaa benchi moja na wazee wa miaka 60, wote wanazungumzia miguu na macho. Akaambiwa "wewe ni mtu mzima sasa". Hakurudi mwezi uliofuata, wala uliofuata huo. Hakuna aliyepiga simu kuuliza yuko wapi.

4.
Akirudi nyumbani alikuwa anadanganya kwamba amejidunga. Usiku mmoja akaanza kutapika, anapumua haraka kama aliyekimbia, pumzi inanuka kama tunda lililoiva sana. Mwili ukikosa insulini huanza kuchoma mafuta, asidi inajaa kwenye damu, na hiyo inaua. Alibebwa na bodaboda, katikati ya dereva na mamake. Akapona. Mimi nilituma pesa kwa M-Pesa, halafu nikampigia kumfokea: "Dawa ulipewa, ulikosa nini?" Nimekaa na hilo swali muda mrefu, kwa sababu nililiuliza vibaya. Kuna kitu alikosa kweli.

5.
Alikosa mtu. Mfanyakazi wa vijana hospitalini si daktari wala nesi. Ni yule anayempigia kijana akikosa kliniki. Anayemuuliza habari za shule, za marafiki, za aibu ya kujidunga mbele ya watu. Anayeongea na matroni wa bweni. Anayekaa naye siku ya kwanza kliniki ya wakubwa, na kumkutanisha na wenzake wenye hali kama yake. Mara nyingi ni kijana ambaye mwenyewe anaishi na ugonjwa huo. Huku kwetu tumezoea kumwita mwelimishaji rika.

6.
Si ndoto ya mzungu. Zimbabwe mpango wa Zvandiri ulianza Harare mwaka 2004 kama kikundi kidogo cha vijana wenye virusi. Leo vijana waliofunzwa ndio wanaowafuata wenzao majumbani. Hapa Kenya tuna Operation Triple Zero, sifuri tatu kwa vijana wenye virusi: sifuri kliniki uliyokosa, sifuri dawa uliyoruka, sifuri ya virusi kwenye kipimo. Kwa hivyo ujuzi tunao. Shida ni kwamba kwa sehemu kubwa umekaa upande wa virusi, kwa sababu pesa za wafadhili zilikuja na jina la ugonjwa. Wa kisukari na wa kifafa wanapita geti lile lile, lakini mlango huo si wao.

7.
Sasa twende kwenye hoja za majukwaani. Hoja ya kwanza: "Hiyo ni kazi ya kaunti" / "Hiyo ni kazi ya serikali kuu." Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, imegawa hivi: serikali kuu ina sera ya afya na hospitali za kitaifa za rufaa. Kaunti ina vituo vya afya na hospitali zake, maduka ya dawa, ambulensi na afya ya msingi. Kwa hivyo mwongozo wa kumhudumia kijana unatoka Nairobi, lakini anayemwajiri mtu wa kukaa pale kliniki ni kaunti. Mwanasiasa akikurusha upande mwingine, muulize ni kipande gani anachokirusha.

8.
Hoja ya pili: "SHA itamaliza hayo yote." SHA ilichukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024. Chini yake kuna mifuko mitatu: wa afya ya msingi, wa bima ya afya ya jamii, na wa dharura, magonjwa sugu na mahututi. Mwenye mshahara anakatwa asilimia 2.75, na kima cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi. Mfuko wa tatu husaidia pale kiwango cha bima kinapokwisha. Ni jambo kubwa, tusidharau. Lakini bima hulipa kinachoandikwa kwenye bili: kitanda, kipimo, upasuaji. Ile simu ya "mbona hukuja Jumanne?" haina bili. Ndio maana hata bima ikifanya kazi vizuri kabisa, binamu yangu bado angepotea.

9.
Kumbuka pia EduAfya, ile bima ya wanafunzi wa sekondari za umma iliyoanza 2018. Iliisha kabla SHA haijaanza. Wengi waliipigia kelele kwa sababu ya ajali na malaria. Lakini kwa mwanafunzi wa bweni mwenye ugonjwa wa kudumu, shule ndiyo nyumbani miezi tisa ya mwaka. Kwa hivyo ukisikia mjadala wa afya ya wanafunzi, usiulize kadi peke yake. Uliza ni nani pale shuleni anayejua afanye nini mtoto akianza kutetemeka sukari ikishuka saa nane usiku.

10.
Hoja ya tatu, na hii watu wengi hawaijui: kwa nini majengo yanafunguliwa kila siku lakini watu hawaajiriwi? Sehemu ni siasa, jengo linapigwa picha. Sehemu nyingine ni sheria. Sheria ya usimamizi wa fedha za umma ya 2012 inataka angalau asilimia 30 ya bajeti ya kaunti iende kwa maendeleo. Kanuni za 2015 zinaweka mishahara isizidi asilimia 35 ya mapato. Wadi mpya inahesabiwa kuwa maendeleo. Kijana wa kuwapigia wenzake simu anahesabiwa kuwa mshahara. Basi hata gavana mwenye nia njema, vitabu vya hesabu vinamsukuma kwenye simiti.

11.
Hoja ya nne: "Wafadhili wapo." Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje kwa siku 90 ili iipitie upya, na wengi waliokuwa wakilipwa na miradi hiyo wakaamka hawana kazi. Fikiria wa kwanza kuondoka ni nani. Daktari yuko kwenye orodha ya mishahara ya serikali. Mwelimishaji rika hayuko popote, alikuwa wa mradi. Mwanasiasa akisema "serikali itaziba pengo", swali ni moja: atawaandika kwenye mstari gani wa bajeti?

12.
Halafu kuna hili neno "vijana". Katiba inasema kijana ni kuanzia 18 hadi kabla ya kufika 35. Shirika la Afya Duniani linahesabu balehe kuwa miaka 10 hadi 19. Hospitali nayo ina milango miwili tu, watoto na wakubwa. Kwa hivyo "ajenda ya vijana" jukwaani huwa ni kazi na mikopo. Wa miaka 16 hapigi kura, hana wa kumtetea. Akifika 18 anapata kura, na mwezi huo huo anapoteza kliniki aliyoizoea.

13.
Najua mtakachosema: "Insulini yenyewe haipatikani, wewe unataka mtu wa kupiga gumzo?" Ni hoja ya haki. Bila dawa, gumzo ni kelele. Lakini binamu yangu alikuwa na insulini mtungini usiku ule. Dawa ilikuwepo, mtu hakuidunga. Zote mbili ni hasara, na ya pili inamalizikia kwenye kitanda cha mahututi ambacho ni ghali kuliko mshahara wa mtu mmoja.

14.
Wengine mtasema wahamasishaji wa afya ya jamii wapo. Kweli, zaidi ya 100,000 walizinduliwa 2023, posho ya 5,000 kwa mwezi, nusu serikali kuu nusu kaunti. Wanafanya kazi kubwa vijijini. Lakini muulize kijana wa miaka 17 kama atamwambia siri zake mama aliye chama kimoja na mamake. Hawezi. Si ubaya wa yule mama, ni umri.

15.
Kilichomrudisha binamu yangu ni kijana wa miaka 24, naye ana kisukari aina ya kwanza, aliyekuwa anajitolea kliniki kwa nauli tu. Alipopiga simu swali la kwanza halikuwa sukari. Aliuliza "wewe unacheza namba ngapi?" Wakaongea mpira. Wiki ya pili ndio ikajulikana kwamba shuleni alikuwa anajidungia chooni, na siku choo kikiwa na foleni anaacha. Wakaongea na matroni, akapewa kona. Na muthokoi, ambayo sisi wote tulimkataza, alimfundisha kuipima kwa kikombe badala ya kuila kwa kujificha.

16.
Binamu sasa anaenda kliniki mwenyewe. Yule kijana hayupo tena. Alipata kibarua Athi River, na nauli haiwezi kushindana na kibarua. Simlaumu hata kidogo. Lakini pale benchi leo kuna mwingine wa miaka 18 ameandikiwa tarehe kwenye kadi.

17.
Kwa hivyo mkija kwa mjadala ujao, ulizeni haya matatu:
– Ni wangapi wanaolipwa na kaunti kuwahudumia vijana wenye magonjwa ya kudumu, na wako hospitali gani?
– Mtoto akifika 18, nani anamkabidhi kwa nani?
– Mradi wa mfadhili ukiisha, hao watu wanaenda wapi?
"Tumejenga" si jibu la hata moja kati ya hayo.

18.
Na msingoje kampeni. Mpango wa maendeleo wa mwaka unafika bunge la kaunti kufikia 1 Septemba. Karatasi ya mkakati wa fedha ni 28 Februari. Makadirio ya bajeti ni 30 Aprili. Kifungu cha 196 kinalazimisha bunge la kaunti kushirikisha umma. Kifungu cha 35 kinakupa haki ya kupata habari, na sheria ya 2016 inampa ofisa siku 21 kukujibu. Andika barua, weka nakala. Kwenye kikao cha bajeti watu huomba barabara na taa. Mwaka huu mimi nitasimama niombe mshahara wa mtu mmoja. Ukiwa Machakos, njoo tusimame wawili.