Je, Jeki ya Gari Lenu Husimama Juu ya Nini?

Ni wangapi kati yetu akina mama tunaojua jeki ya gari la nyumbani inakaa wapi? Tunajua mahali pa kadi ya kliniki ya mtoto, tunajua ufunguo wa kabati la vyombo vya wageni umefichwa wapi. Lakini gari likitajwa, wengi wetu husema, "Hayo ni ya baba watoto." Basi baba watoto huenda akawa safarini siku ile tairi linapopata pancha, nasi tuko njiani na watoto kiti cha nyuma, giza linaanza kuingia.

Katika makala haya hatukusudii kumgeuza kila mama awe fundi makanika. Tunataka kuzungumzia kitu kimoja kidogo ambacho kwa kawaida hakiuzwi pamoja na gari, nacho hakikumbukwi mpaka siku ya shida. Kitu hicho ni ubao unaowekwa chini ya jeki. Bei yake ni ndogo mno, lakini mkono wa mtu au hata uhai wake waweza kuutegemea.

Kisigino ndani ya tope

Mwanamke yeyote aliyewahi kwenda harusini na viatu vya kisigino kirefu wakati wa masika anaijua tayari elimu ya jeki. Ukikanyaga uwanja uliolowa, kisigino kinazama. Jirani yako aliyevaa kandambili anapita juu ya udongo uleule bila taabu, hata kama ni mnene kukuzidi. Tofauti haimo katika uzito wenu, bali katika upana wa mahali ambapo uzito huo unatua.

Jeki nayo ina kisigino chake. Tuchukue gari dogo la familia lenye uzito wa kilo 1,200 hivi. Ukiinua pembe moja, jeki hubeba kiasi cha kilo 300 hadi 400. Tuseme ni kilo 350, na kitako cha jeki ni sentimeta 10 kwa 10, yaani sentimeta za mraba 100. Kila sentimeta ya mraba ya ardhi itabebeshwa kilo tatu na nusu. Sasa weka chini yake ubao mgumu wa sentimeta 30 kwa 30. Eneo limekuwa sentimeta za mraba 900, na kila moja inabeba chini ya nusu kilo. Gari ni lilelile na udongo ni uleule, lakini ardhi inasukumwa kwa nguvu iliyopungua mara tisa.

Tena jeki haizami ikiwa wima. Mara nyingi upande mmoja wa kitako hutangulia, jeki inainama, na gari linateleza kutoka kichwani pake. Hutokea katika sekunde moja, na aliye karibu hapati nafasi ya kuutoa mkono. Udongo mweusi wa mfinyanzi wakati wa mvua, mchanga wa pwani na kifusi cha kando ya barabara vyote huleta hatari hiyo. Hata lami iliyochomwa na jua la mchana huweza kulainika ikabonyea chini ya jeki.

Namna ya kuchagua ubao

Huna haja ya kwenda dukani. Pita kwa seremala wa mtaani umwombe kipande cha masalia, naye akukatie kwa kipimo. Angalia mambo haya:

1. Upana. Usipungue sentimeta 30 kila upande. Ukiwa mdogo sana utazama pamoja na jeki.

2. Unene. Angalau sentimeta 5. Ubao mwembamba hupinda katikati, na ukishapinda uzito wote unarudi mahali padogo palepale.

3. Aina ya mti. Mvule, mninga au mti mwingine mgumu uliokauka vizuri unafaa sana. Mikaratusi mingi hupasuka inapokauka, kwa hiyo uchunguze vizuri. Kama seremala ana mbao za paina tu, chagua kipande kinene zaidi.

4. Afya ya ubao. Usichukue wenye ufa mrefu, fundo kubwa katikati, misumari, au matundu ya mchwa. Uugonge kwa kidole: ubao mzima hutoa sauti kavu.

5. Uso wake. Uwe bapa pande zote mbili, lakini usipigwe msasa ukang'aa wala kupakwa rangi ya mafuta, maana jeki itateleza. Ukitaka uonekane usiku, paka rangi nyeupe kwenye kingo tu.

Mwambie seremala atoboe tundu kwenye pembe moja, utie kamba ya kushikia. Ubao wa mti mgumu wa kipimo hicho una uzito wa kilo tatu hivi, kama mtoto mchanga. Hakuna mama atakayeshindwa kuubeba.

Tofali na jiwe si ubao

Wengi huokota tofali la saruji au jiwe kando ya barabara. Tunaomba tuache desturi hiyo. Mti ukizidiwa hulalamika kwanza: hubonyea, hulia, hupasuka polepole, nawe unapata nafasi ya kuondoka. Tofali halisemi neno. Limesimama salama, mara limevunjika vipande, hasa lile lenye matundu ndani. Jiwe nalo haliwi bapa. Jeki hukaa juu ya nundu mbili tatu, na ikitikisika kidogo hubiringika.

Hapa tunawaomba akina mama tutazame pia nyua zetu. Ni nyumba ngapi zina gari bovu lililoondolewa magurudumu na kuegemezwa juu ya matofali, likisubiri fedha za vipuri? Watoto wetu hucheza kujificha, na hakuna maficho mazuri kwao kama chini ya gari. Hilo si jambo la kungoja mwisho wa mwezi. Gari lirudishiwe magurudumu, au fundi aliweke juu ya stendi za chuma zilizotengenezwa kwa kazi hiyo, au juu ya magogo mazito yaliyopangwa kwa kupishana, mawili hivi na mawili vile, kwenye ardhi ngumu. Na hata hapo, watoto wapigwe marufuku kabisa kusogea.

Wenzetu wenye nyumba za magurudumu

Huko Marekani na Kanada ziko familia zinazosafiri na nyumba ya kukokotwa, yenye vitanda, jiko na jokofu. Aina moja huungwa juu ya sehemu ya mizigo ya pikapu, na uzito wake huweza kuzidi kilo 5,000. Wakifika kambini huitenga na gari, ikabaki imesimama kwa magurudumu yake na miguu ya chuma ya mbele. Mguu ule una kitako kidogo, na kambi nyingi ni za majani au udongo. Kwa hiyo hubeba magogo ya mbao, au vipande vya plastiki ngumu vinavyoshikana kama michezo ya watoto, vya kuweka chini ya miguu.

Jambo la kujifunza kwao ni utaratibu. Kwanza huisawazisha kushoto na kulia kwa kupandisha magurudumu ya upande ulioinama juu ya ubao. Kisha hutia kabari magurudumu yasiende mbele wala nyuma. Ndipo hutenga gari na kuisawazisha mbele na nyuma kwa miguu. Kabari hutangulia kutenga, maana nyumba ikianza kubiringika na watoto wamo ndani, hakuna awezaye kuizuia kwa mikono. Nasi hatuna budi kufuata kanuni hiyohiyo hata kwa gari letu dogo: zuia kwanza, inua baadaye.

Siku ya pancha

Kata basi, pamoja na ubao wako, kabari mbili za mti. Mambo yakitokea, fanya hivi:

1. Sogeza gari mbali na njia, mahali tambarare. Tairi likiharibika zaidi kwa mita chache hizo, afadhali tairi kuliko mtu.

2. Washa taa za tahadhari na uweke vibao vya pembetatu. Watoe abiria wote, watoto wakae mbali na barabara na mkubwa awashike wadogo. Kamwe usiinue gari lenye mtu ndani.

3. Vuta breki ya mkono, tia gia ya kwanza, kisha weka kabari. Katika magari mengi breki ya mkono hushika magurudumu ya nyuma. Ukiinua gurudumu moja la nyuma, breki hiyo imebakiwa na gurudumu moja tu chini. Ndiyo sababu kabari huwekwa kwenye magurudumu ya upande wa pili: ukiinua la nyuma, zuia ya mbele, ukiinua la mbele, zuia ya nyuma.

4. Legeza nati zote nusu mzunguko gari likiwa bado chini. Ukizilegeza likiwa juu, nguvu zako zitalisukuma kutoka kwenye jeki.

5. Sawazisha ardhi, laza ubao, weka jeki katikati yake, chini ya sehemu iliyotiwa alama na watengenezaji. Ubao uwe chini ya jeki, usirundike vitu juu ya kichwa chake.

6. Inua kidogo, simama, tazama. Jeki ikiinama, shusha uanze upya. Usione haya, wala usikubali kuharakishwa na wapita njia.

7. Laza tairi la akiba chini ya ubavu wa gari karibu na jeki. Gari likianguka, litaangukia tairi. Ukishatoa tairi bovu, libadilishane nafasi na hilo zima.

8. Usiingize kichwa wala mkono chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, hata kama nati imebiringikia huko. Ivute kwa kijiti.

9. Kaza nati kwa kupishana, moja na inayoielekea, kisha shusha gari na kuzikaza tena kwa nguvu zote. Ukifika, mwombe fundi azikague.

Tuanze wapi?

Tuanze na mazungumzo. Mama asiseme kwa lawama, "Hujawahi kunifundisha." Aseme, "Baba Fulani, Jumamosi naomba unionyeshe, ili siku usipokuwepo watoto wawe salama." Wanaume wengi hufurahi kuulizwa hivyo, na pengine naye atagundua kwamba jeki imeshika kutu au tairi la akiba halina upepo. Afadhali kuyajua hayo uani kuliko porini. Mfanye zoezi mchana, mahali tambarare, wewe ukishika spana na yeye akitazama. Vijana wenu wakubwa, wa kike kwa wa kiume, nao wajifunze.

Kwa mama anayelea watoto peke yake, fundi mwaminifu wa mtaani atakufundisha kwa muda wa nusu saa, na malipo hayo hayatakuwa hasara.

Kisha ubao, kabari, jeki na spana vikae pamoja katika gunia moja ndani ya buti. Usimruhusu mtu auchukue ubao huo kwenda kukatia nyama au kuzuia mlango, maana siku utakapouhitaji hutakuwa na muda wa kuutafuta.