Kisukari Uzeeni: Tuimarishe Misuli

Wazee wengi wenye kisukari huambiwa wapumzike tu. Kumbe misuli ndiyo itumiayo sehemu kubwa ya sukari ya chakula. Ikinyauka kwa kukaa, sukari hubaki kwenye damu na miguu hukosa nguvu.

Mzee aketi kwenye kiti imara kilichoegemezwa ukutani, ainuke na kuketi polepole mara 8 hadi 10. Kisha ainue chupa ya maji ya lita 1 kwa kila mkono, bila kuzuia pumzi. Siku 2 au 3 kwa juma zatosha, zisifuatane.

Avae viatu. Atumiaye insulini awe na sukari karibu: akitetemeka au kuona kizunguzungu, aache, ailambe mara moja. Mwenye ugonjwa wa macho au moyo amwone daktari kwanza.